Haki ya Jirani na Sauti ya Jogoo

Wahenga walituachia neno kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini, na neno hilo lingali likitumiwa kumwonya mgeni asijitanue katika mji wa watu. Lakini yeyote aliyelala usiku mmoja katika mtaa wa Dallas, katika mji wa Embu nchini Kenya, anajua kwamba majogoo waliotoka mashambani, wakaletwa kwa matenga kutoka Mbeere, Runyenjes na Manyatta, huwika mjini kwa sauti ile ile waliyokuwa wakiwikia kwao, ila hapa sauti hiyo haipotei tena katika migomba na mibuni, bali hupenya moja kwa moja katika ukuta wa mabati na kuingia katika sikio la jirani.

Dallas ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, wenye nyumba zilizobanana, ambamo chumba kimoja aghalabu ndicho sebule, jiko na malazi ya aila nzima, na ua mmoja hutumiwa na wapangaji wengi wasiokuwa na nasaba wala desturi moja. Humo hukaa mama anayedamka kabla ya mapambazuko ili awahi mboga sokoni, na mfanyakazi wa muguka, yale majani ya kutafunwa, ambaye mzigo wake haungoji jua. Kwa hawa sauti ya jogoo ni msaada usio na gharama. Lakini humo humo hukaa mlinzi wa usiku anayerejea alfajiri akiwa na macho mazito, dereva wa bodaboda aliyezima pikipiki yake usiku wa manane, mzazi aliyekesha na mtoto mwenye homa, na mgonjwa ambaye usingizi ndio sehemu kubwa ya dawa yake. Sauti moja, katika saa moja, ni rehema kwa mlango huu na dhara kwa mlango wa pili, na hapo ndipo husuma inapozaliwa.

Mtu aliye mbali na jambo hili huweza kulidharau, akasema kwamba ugomvi wa jogoo ni ugomvi wa wasio na shughuli. Mimi sikubaliani naye hata kidogo. Usingizi wa maskini ni mali yake, pengine ndiyo mali pekee asiyoikopa kwa mtu, na kwa mali hiyo hupata nguvu ya kutafuta riziki ya kesho. Na kuku wa maskini vilevile ni mali yake, ndio akiba yake ya karo, ya dawa na ya kumkirimu mgeni. Haki mbili za kweli zinapokutana katika ua mwembamba, haifai kuifanyia mzaha hata mojawapo, wala haifai kudhani kwamba moja itasimama kwa kuiangusha nyingine. Kinachotakiwa ni kuyajua mambo yalivyo, kwanza tabia ya ndege mwenyewe, kisha sheria ya nchi, kisha adabu ya kusemezana, kwa sababu malalamiko mengi huharibika kwa ujinga wa moja katika haya matatu.

Tuanze na ndege. Wengi husadiki kwamba jogoo huwika kwa kuuona mwanga, na kwa hivyo hushangaa anapowika gizani, wengine wakafanya kuwa ni ishara ya balaa. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura, waliwaweka majogoo katika vyumba ambavyo mwanga wake waliutawala wao wenyewe, wakaona kwamba ndege hao huanza kuwika kiasi cha saa mbili kabla ya mwanga kuwashwa. Na hata walipowaweka katika mwanga hafifu usiobadilika usiku wala mchana, majogoo waliendelea kuwika kwa majira yao kana kwamba alfajiri ingalikuwapo. Hivyo ikathibitika kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake. Taa ya gari na sauti ya jogoo mwingine huweza kumwamsha akawika pia, ila mwitiko huo huwa mkali zaidi kadiri alfajiri inavyokaribia.

Basi tuyalete maarifa haya Embu. Mji huu uko chini ya Mlima Kenya, karibu mno na Ikweta, na kwa hiyo mapambazuko yake hayabadiliki sana mwaka mzima: jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini. Jogoo atakayeitangulia alfajiri kwa saa mbili ataanza kuwika kwenye saa kumi za usiku, au kabla yake kidogo, wala hapana msimu katika mwaka ambao atachelewa kwa kiasi cha kumfariji jirani. Watu wa pwani waliijua tabia hii tangu zamani, wakaupima usiku wao kwa majogoo, la kwanza na la pili, na Waislamu wakamwona ndege huyu kuwa mwamshaji wa sala, wakafundishwa wasimtukane; na Wakristo nao hawawezi kuisoma habari ya Petro bila ya kuisikia sauti yake.

Lakini zama hizi zimeongeza jambo ambalo majogoo wa zamani hawakulijua. Katika mitaa kama hii nchini Kenya zimesimamishwa nguzo ndefu zenye taa kali, ambazo watu wamezipa jina la mulika mwizi, na kheri yake ni kubwa kwa usalama wa wapitao usiku. Ila taa hiyo inapopenya katika banda la mbao zilizoachana, humfikia jogoo saa sita au saa saba za usiku, na pengine humtoa katika utaratibu wake. Jirani humlaani ndege na mwenye ndege, ilhali dawa yaweza kuwa ni gunia au turubai lililotundikwa upande wa taa.

Jambo la pili ambalo wataalamu hao wa Nagoya waliligundua, wakalitangaza mwaka 2015, linawahusu hasa watu wa mitaa iliyobanana. Majogoo wanaokaa pamoja wana daraja zao, na yule wa daraja ya juu ndiye huanza kuwika alfajiri, kisha hufuatwa na walio chini yake mmoja baada ya mmoja; na mkubwa akiondolewa, wa pili hukamata nafasi na kuanza yeye. Maana ya habari hii kwa watu wa Dallas ni kwamba anayeshangilia kuchinjwa kwa jogoo mkubwa wa jirani yake, akatumai kulala, huenda keshoye akaamshwa na mdogo wake. Na kwamba mfugaji mwenye majogoo watatu kwa kuku watano hana hoja ya kuwatetea wote watatu, kwa kuwa jogoo mmoja huwatosha kuku wapatao kumi.

Na sauti yenyewe si ndogo. Watafiti wa Ubelgiji waliipima karibu na kichwa cha jogoo, wakaona inapita desibeli 100 kwa umbali wa hatua moja, na penye tundu la sikio la ndege mwenyewe hufika hata 140. Wakaona pia kwamba Mola amemhifadhi, kwa kuwa anapofungua mdomo wote tundu la sikio lake hujifunga. Jirani hakupewa hifadhi hiyo. Kila umbali unapoongezeka maradufu mahali pa wazi, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, na kwa hesabu hiyo jogoo aliye mita nane kutoka kitandani pako bado anakufikia kwa desibeli zipatazo 80, ukiacha kile kidogo kitakachozuiwa na bati. Asiambiwe basi mtu aliyeamka kwamba anajifanya mnyonge.

Sasa tuitazame sheria, kwa maana wengi huitaja bila ya kuijua, upande mmoja ukitisha kwa jina lake na upande wa pili ukiamini kwamba haipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na katika jedwali lake la nne inazikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero nyinginezo za umma, pamoja na udhibiti wa wanyama. Kisha kuna kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kusimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, ambazo zinaweka kiwango cha kelele katika makazi kuwa desibeli 50 nje ya nyumba wakati wa mchana na 35 wakati wa usiku. Na usiku, kwa mujibu wa kanuni hizo, hudumu kutoka saa mbili za jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Msomaji ameshaona mgongano ulipo: saa ambazo maumbile yamemchagulia jogoo ndizo saa ambazo sheria imezilinda kwa ukali zaidi.

Lau tungeishika namba hiyo peke yake, pasingebaki jogoo hata mmoja katika mji wowote wa Kenya. Lakini kipimo hicho huchukuliwa kwa wastani wa muda mrefu, na mwiko wa jogoo, yaani kuwika kwake mara moja, hudumu kwa nukta chache tu; na tena kanuni zenyewe, zinapoeleza ni kelele gani ya kupindukia, zinamtajia mwamuzi mambo kadhaa anayoweza kuyazingatia, miongoni mwao saa ya kelele, ukaribu wa makazi, kama kelele ni ya mara moja au hujirudia, na kama mwenye kuisababisha anaweza kuizuia bila ya taabu wala gharama isiyo ya kiasi. Kipengele hiki cha mwisho ndicho ninachokiona kuwa moyo wa jambo zima. Hakiulizi nani amekuja mtaani kwanza, wala nani ni mtu wa mji na nani ni mtu wa shamba. Kinauliza tu ni nini kingeweza kufanywa kwa urahisi, na kwa nini hakikufanywa. Mfugaji aliyemweka jogoo wake chini ya dirisha la jirani, ilhali upande wa pili wa ua upo wazi, ana jibu gumu la kutoa. Na mfugaji aliyefanya yote yaliyo katika uwezo wake, akabaki na miwiko michache ya alfajiri, anastahili kuvumiliwa.

Kuna pia sheria ya afya ya umma, Sura ya 242, ambayo huhesabu kuwa kero banda la wanyama au ndege lililojengwa au kutunzwa kwa namna ya kuudhi au kudhuru afya. Na katika ua mwembamba mara nyingi malalamiko ya sauti huwa yamefuatana na ya harufu na nzi, na afisa wa afya akija kwa hili ataliona na lile. Kadhalika mpangaji asisahau kwamba mwenye ploti anaweza kuwa ameweka sharti lake kuhusu ufugaji, na kwamba taratibu za kaunti hubadilika: Nairobi, kwa mfano, ambako kwa miaka mingi mfugaji wa mjini aliishi kwa hofu ya askari wa baraza la jiji, ilitunga mwaka 2015 sheria yake ya kilimo cha mjini, ikakitambua na kukiwekea mipaka. Anayetaka kufuga Embu na aulize kwanza katika ofisi za kaunti zilizo mjini humo humo, kwani swali ni bure na faini si bure.

Mahakama za nchi nyingine zimeshalipima jambo hili, na hukumu zake zina mafunzo. Uingereza, mwaka 1936, katika shauri la Leeman dhidi ya Montagu, mtu aliyenunua nyumba katika eneo la makazi lenye mashamba alimshtaki mfugaji aliyekuwa na majogoo kiasi cha 750 katika bustani ya matunda, umbali wa yadi mia hivi kutoka nyumbani kwake, ambao waliwika kutoka saa nane za usiku hadi saa moja asubuhi. Na mahakama ikaamua kwamba hiyo ni kero, ikamkataza mfugaji, ila ikampa muda wa mwezi mmoja ili ajipange. Kilichomponza si kufuga, bali ni kwamba angeweza kulipanga shamba lake kwa namna nyingine, naye hakujaribu. Ufaransa, mwaka 2019, mambo yalikwenda kinyume: jogoo mmoja aitwaye Maurice, katika kisiwa cha Oléron, alishtakiwa na majirani waliokuwa na nyumba ya mapumziko, na tarehe 5 Septemba mahakama ya Rochefort ikawakatalia kwa kuwa hawakuthibitisha kero, ikawaamuru wamlipe mwenye jogoo fidia ya yuro 1,000; na Januari 2021 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuzihifadhi sauti na harufu za mashambani kuwa urithi wa taifa.

Wako watakaoshika hukumu ya Maurice na kuipeleka Dallas, na nadhani watakosea. Maurice alikuwa mwenyeji na washtaki wake walikuwa wageni wa likizo, wenye nyumba nyingine ya kurudia. Katika mtaa wa Embu mlalamikaji na mlalamikiwa ni wenyeji sawasawa, au wageni sawasawa, na hakuna kati yao mwenye mahali pengine pa kulala usiku wa leo. Aliyekuja mjini kwa chumba cha kupanga hakuja kutafuta starehe ya ukimya, lakini hakukubali pia kwamba hatalala.

Kwa hiyo nasema kwamba wajibu wa kwanza ni wa mwenye jogoo, si kwa sababu haki yake ni ndogo, bali kwa sababu yeye ndiye mwenye mkono wa kulibadilisha jambo. Jirani hawezi kumhamisha ndege asiyekuwa wake wala kulifunika banda lisilokuwa lake, na hata akiwa mkweli kiasi gani, hana linalobaki kwake ila kuomba. Na katika wajibu huo swali la kwanza ni hili: je, jogoo anahitajika? Watu wengi wanaofuga kuku wachache kwa ajili ya mayai hudhani kwamba bila jogoo hayatapatikana, na dhana hiyo ndiyo imezaa nusu ya ugomvi. Kuku jike hutaga bila ya jogoo. Kinachokosekana ni vifaranga tu. Na hata anayetaka vifaranga hahitaji kumweka jogoo mwaka mzima, kwa kuwa kuku aliyepandwa huendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa muda wa wiki mbili hivi, basi jogoo akiazimwa kutoka kwa ndugu wa shamba kwa siku chache, mayai yakakusanywa na kuku akaatamia siku zake 21, kazi imekwisha na ndege amekwisha kurudi alikotoka. Majirani watatu au wanne wafugao katika mtaa mmoja wangeweza kushirikiana jogoo mmoja kwa mpango huu, badala ya kila mmoja kuweka wake na kuwafanya washindane usiku kucha.

Kwa yule ambaye hana budi kumweka, giza ndilo msaidizi wake mkuu. Banda la kulalia liwe zito la kuta, lisilopenya mwanga wa taa za nje, liwe mbali na madirisha ya watu kadiri ua unavyoruhusu, na mlango wake usielekee chumba cha jirani. Wafugaji wengi humlaza jogoo katika sanduku fupi, ambalo anaweza kusimama na kujigeuza lakini hawezi kuinyoosha shingo juu, kwa kuwa jogoo huinyoosha shingo anapowika na asipoweza sauti yake hupungua. Wakamfungulia jua likishachomoza. Njia hii hufaa, kwa sharti kwamba sanduku lina matundu ya hewa ya kutosha, ni kavu, na ndege hafungiwi humo mchana kutwa. Wala giza halitaisimamisha saa iliyo mwilini mwake, ila litamwondolea vichocheo vya nje, na miwiko mitano iliyozibwa na kuta si sawa na miwiko thelathini ya juu ya paa.

Utepe wa kukaza shingo, ambao wengine husifu, mimi siupendi. Sauti ya jogoo hutoka chini kabisa ya koromeo, mahali linapogawanyika kwenda mapafuni, na utepe hufanya kazi kwa kuizuia pumzi isitoke kwa nguvu. Ukikazwa kidogo tu kupita kiasi humkaba ndege, na jogoo akikua hukazika wenyewe. Kumtesa kiumbe ili watu walale si sulhu.

Upande wa mlalamikaji nao una faradhi zake, na ya kwanza ni kwenda mwenyewe, mchana, kwa mwenye ndege, kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Kupiga kelele ukutani saa kumi za usiku humwamsha na yule ambaye jogoo alimsamehe, na neno lililotupwa gizani hubaki mtaani kwa miaka. Tuchukue kwamba mwenye kuku ni bibi wa makamo, ambaye mtaani huitwa Cucu, kwa maana ya nyanya, na mlalamikaji ni kijana wa bodaboda. Akimkuta uani asubuhi na kumwambia, “Cucu, habari za kuamka? Nimekuja kwa neno la ujirani. Mimi hurudi kutoka kazini saa saba za usiku, na jogoo huanza saa kumi, upande wa kichwa changu. Sikuja kukwambia umchinje, nauliza kama tunaweza kulisogeza banda, nami nitakusaidia kubeba mbao,” ni vigumu kwa mtu mwenye murua kumjibu kwa ukali, kwa sababu ameheshimiwa, ameelezwa saa na mahali, na amepewa jambo la kufanya pamoja na mkono wa kulifanya. Akimwambia, “Huyo jogoo wako nitamwonyesha,” ameshajifungia mlango, na lolote litakalompata ndege huyo baadaye litaandikwa kwa jina lake.

Hapa kuna jambo ambalo natamani kila mfugaji wa Dallas alijue. Ugonjwa wa kideri, ambao wengi huuita Newcastle, huingia katika kundi la kuku wasiochanjwa na kuweza kuwamaliza kwa siku chache, wakubwa na wadogo; na unapoingia katika ua ambao wiki iliyopita palikuwa na maneno juu ya jogoo, jambo la kwanza linalosemwa ni sumu. Urafiki umevunjika, na pengine ngumi zimerushwa, kwa kosa la virusi. Chanjo yake hutiwa tone moja katika jicho la kuku na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na gharama yake ikigawanywa kwa wafugaji wa ua mmoja huwa ndogo. Nami naihesabu kuwa miongoni mwa njia za kulinda ujirani, sawa na kulihamisha banda. Ama yule anayetia sumu kweli, huyo ameiacha haki yake ya kulalamika na kuingia katika jinai, kwa maana Kanuni ya Adhabu ya Kenya inamhesabu mwenye kuua kwa makusudi mnyama wa mtu kuwa mkosa. Na tena sumu iliyotupwa uani haichagui kati ya jogoo, paka na mtoto atambaaye.

Maneno ya uani yakishindwa, kuna ngazi, na ni vema zipandwe kwa taratibu. Yuko mwenye ploti au mwangalizi wake. Yuko mzee wa mtaa, pamoja na utaratibu wa Nyumba Kumi ulioanzishwa mwaka 2013. Yuko naibu wa chifu. Watu wa Embu na Meru hawakungoja serikali iwafundishe kukaa baraza, kwa kuwa kiama, yaani baraza la wazee, kwa Waembu na Njuri Ncheke kwa Wameru vimekuwa vikisikiliza mashauri tangu kabla ya Waingereza kuuanzisha mji wa Embu mwaka 1906, na Katiba ya leo, katika kifungu cha 159, inaziamuru mahakama ziukuze upatanisho wa namna hiyo maadamu haukiuki haki za mtu. Mlalamikaji atakayefika mbele ya wazee hao akiwa ameandika katika daftari saa za miwiko kwa muda wa wiki mbili, na akiwa na jirani wa pili wa kushuhudia, atasikilizwa kuliko anayesema tu kwamba halali. Juu yao yuko afisa wa afya ya umma wa kaunti, kisha NEMA, na mwisho Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina makao Embu. Lakini kumpeleka jirani mahakamani kwa ajili ya jogoo ni kutumia fedha nyingi kuliko thamani ya banda zima, na baada ya hukumu wote wawili watarudi kwenye ua ule ule.

Yako mashauri ya jogoo ambayo hayahitaji baraza wala banda jipya, nayo ni yale ya mwezi wa Desemba, ambapo majogoo hupandishwa Dallas kwa wingi kwa ajili ya sikukuu, wakafungwa mguu kwa kamba mlangoni na watu ambao si wafugaji. Ndege hao ni wageni, wametengwa na kundi lao, husikiana kutoka ua hadi ua na kujibizana tangu usiku wa manane, na kero ya siku hizo hushinda ya miezi mingine yote. Anayenunua jogoo wa Krismasi na apatane na muuzaji apokee malipo ya mwanzo na kumhifadhi ndege huko huko shambani mpaka tarehe 23 au 24. Na akilazimika kumleta mapema, amlaze ndani ya tenga lililofunikwa blanketi kuukuu, mbali na ukuta wa jirani, na awaarifu majirani wake kwamba jogoo atachinjwa siku fulani.